Penisilini, Figo na Saa

Mhadhara kwa umma kuhusu namna penisilini inavyoua bakteria na inavyopita mwilini

  

Penisilini husimuliwa mara nyingi kama kisa cha bahati: ukungu ulioingia katika kisahani cha Alexander Fleming, Hospitali ya St Mary's, London, Septemba 1928. Kisa hicho ni cha kweli, lakini kinaacha nje mambo mawili ambayo mgonjwa anayahitaji zaidi. Dawa hii humwua bakteria kwa njia gani? Na mwili huifanya nini tangu inapoingia hadi inapotoka?

Kusudi la mhadhara huu ni kuyajibu hayo mawili na kutetea dai moja linalozaliwa nayo, kwamba saa ni sehemu ya dawa. Penisilini hufanya kazi pale tu inapokuwapo, nayo haikai. Mwenye kulielewa hilo ataelewa kwa nini amoksilini huandikwa kutwa mara tatu, kwa nini sindano moja hutosha kutibu kaswende changa, na kwa nini baadhi ya bakteria wameishinda dawa hii huku wengine wakiendelea kufa nayo hadi leo. Hoja ziko tano.

HOJA YA KWANZA: Penisilini humwua bakteria anapojenga

Bakteria ni kiumbe wa seli moja. Ndani ya seli hiyo mna chumvi na protini nyingi kuliko katika maji yaliyo nje yake, kwa hiyo maji hayachoki kutaka kuingia. Katika stafilokoka, wale wanaoleta majipu, msukumo wa ndani unaweza kufikia mara 20 ya ule wa hewa. Kinachowazuia kupasuka ni ukuta unaoizunguka seli, uliojengwa kwa peptidoglaikani: nyuzi ndefu za sukari zenye minyororo mifupi ya asidi amino inayoning'inia pembeni.

Mvuvi wa Bagamoyo au Lamu anayesuka wavu ameshaelewa nusu ya somo. Nyuzi peke yake hazishiki kitu. Kinachoshika ni mafundo. Ukuta wa bakteria nao haupati nguvu mpaka minyororo yake ifungwe mmoja kwa mwingine, na bakteria ana vimeng'enya maalumu vya kazi hiyo. Kimeng'enya hukamata ncha ya mnyororo, mahali penye alanini mbili zilizofuatana, huing'oa ile ya mwisho, kisha huifunga iliyobaki kwenye mnyororo wa jirani. Fundo limekamilika, nacho huhamia jingine.

Mwaka 1965 watafiti wa Marekani Donald Tipper na Jack Strominger walieleza kwamba umbo la penisilini linafanana na ncha hiyo ya alanini mbili. Kimeng'enya huikamata dawa kikidhani ni kazi yake ya kawaida. Kinachofuata kinatokana na pete ndogo ya atomi nne iliyo ndani ya molekuli, pete ya beta-laktamu, ambayo Dorothy Hodgkin wa Oxford aliithibitisha mwaka 1945 kwa eksirei. Pete ya atomi nne imebanwa kuliko kawaida, na ikipata nafasi hufunguka. Ikifunguka ndani ya kimeng'enya hujigandisha hapo hapo, na kimeng'enya hicho hakifungi fundo tena.

Bakteria hajui hilo. Anaendelea kukua, na ili akue ni lazima akate sehemu za ukuta wa zamani apate pa kuingiza mpya. Vimeng'enya vya kukata havikuguswa na dawa. Vinakata, na hakuna kinachofungwa. Ukuta hudhoofika, maji huingia, seli hupasuka. Ndicho alichokiona Fleming: makundi ya stafilokoka yaliyokuwa karibu na ukungu yalikuwa yanayeyuka.

Seli ya binadamu haina ukuta wa peptidoglaikani. Hiyo ndiyo sababu penisilini inaweza kutolewa kwa wingi mkubwa, hata yuniti milioni 24 kwa siku kwa mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo, ikaua bakteria bila kupasua seli za mgonjwa. Hiyo pia ndiyo sababu haifai kitu kwa mafua. Kirusi hakina ukuta wa kuvunja, na kimelea cha malaria hakijengi ukuta wa aina hiyo. Mzazi anayempa mtoto amoksilini kwa kikohozi cha mafua anatuma dawa mahali ambapo hakuna kinachojengwa.

Kuna jambo la kushika hapa, maana hoja zote zinazofuata zinalitegemea. Mwaka 1942 Gladys Hobby na wenzake, New York, walionyesha kwamba penisilini huua bakteria wanaozaliana, na kwamba wasiozaliana huwagusa kidogo sana. Miaka miwili baadaye Joseph Bigger wa Dublin aligundua kwamba hata baada ya dozi kubwa ya penisilini, stafilokoka wachache hubaki hai. Watoto wao hufa kwa dawa ile ile, kwa hiyo hawakuwa sugu. Walikuwa wametulia tu, hawajengi.

Matokeo yake yalionekana hospitalini mwaka 1951. Madaktari wa Marekani Mark Lepper na Harry Dowling walilinganisha wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na nimokoka. Waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaiklini walikufa kwa wingi kuliko waliopewa penisilini peke yake. Tetrasaiklini huzuia bakteria kukua, na aliyezuiwa kukua hakujenga, na asiyejenga aliokoka. Ndugu wasikilizaji, yeyote aliyewahi kununua vidonge vya rangi mbili vya aina mbalimbali na kuvichanganya kwa kudhani viwili ni bora kuliko kimoja, akumbuke mfano huo.

HOJA YA PILI: Njia ya kufika kwa bakteria ina vizuizi

Penisilini ya mwanzo, penisilini G, huharibiwa na tindikali ya tumbo. Pete ile ile inayoipa nguvu hufunguka kabla ya wakati, na ikishafunguka molekuli haina kazi. Ndiyo maana wagonjwa wa miaka ya 1940 walichomwa sindano. Katika miaka ya 1950 ikaja penisilini V inayostahimili tindikali, na mwaka 1972 amoksilini ikaingia sokoni Uingereza.

Amoksilini hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Huko kuna protini ambazo kazi yake ya kila siku ni kuingiza vipande vya chakula cha protini, na dawa hupita nazo. Robo tatu ya dozi au zaidi huingia katika damu, na kilele hufikiwa kati ya saa 1 na saa 2 baada ya kumeza. Chakula hakiizuii. Ndugu zake hawana bahati hiyo: ampisilini, kloksasilini na penisilini V hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada yake. Mtoa dawa akilisema hilo dirishani, kwa sentensi moja tu, mgonjwa wa kloksasilini hapotezi sehemu ya dozi yake katika sahani ya ugali.

Ndani ya damu, sehemu ya dawa hujishikiza kwenye albumini, protini kuu ya majimaji ya damu. Iliyoshikwa haifanyi kazi. Iliyo huru ndiyo inayopenya kwenye tishu. Takriban asilimia 20 ya amoksilini hushikwa, asilimia 60 ya penisilini G, na zaidi ya asilimia 90 ya kloksasilini. Iliyo huru hufika vizuri kwenye mapafu, sikio la kati, ngozi na njia ya mkojo. Usaha huishinda dawa kwa sababu nyingine: bakteria walio katikati ya jipu wamejaa, wamekosa chakula na hawajengi tena. Jipu linahitaji kupasuliwa na kukamuliwa, na hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya wembe wa daktari.

Ubongo ni mahali pagumu zaidi. Seli za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana kiasi kwamba penisilini kidogo sana hupita, na hata hiyo kidogo husukumwa nje na pampu maalumu. Homa ya uti wa mgongo inapowaka, uvimbe hulegeza kizuizi hicho na dawa huingia. Hapa pana hatari inayojulikana kwa wauguzi wa wodi: mgonjwa anapopata nafuu, uvimbe hupungua na mlango huanza kujifunga tena wakati bakteria hawajaisha. Kwa hiyo sindano za mshipani huendelea kwa kiwango kile kile kikubwa hadi siku ya mwisho, hata kama mgonjwa ameketi kitandani na anaomba uji.

Kondo la nyuma, kwa upande wake, huipitisha. Mama mjamzito mwenye kaswende akichomwa benzathini penisilini, dawa humfikia mtoto aliye tumboni, na ndiyo dawa pekee inayopendekezwa kwa kumkinga mtoto huyo. Ndani ya seli za mwili, hata hivyo, penisilini haipenyi vizuri. Bakteria wa brusela, anayepatikana katika maziwa mabichi ya mifugo iliyoambukizwa, hujificha ndani ya seli zile zile zilizotakiwa kummeza. Anapoishi humo, penisilini inapita nje bila kumgusa.

HOJA YA TATU: Figo huitoa dawa upesi mno

Tarehe 12 Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary, Oxford, polisi aitwaye Albert Alexander alichomwa penisilini. Maambukizi yalikuwa yamemla uso na kumtoa jicho moja. Watafiti wa Oxford Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walikuwa wamekwisha kuijaribu dawa hiyo kwa panya 8 mnamo Mei 1940: 4 waliotibiwa walipona kifo cha usiku ule, 4 wasiotibiwa hawakufika asubuhi. Sasa ilikuwa zamu ya binadamu. Ndani ya siku moja Alexander alianza kupata nafuu. Homa ikashuka, akaanza kula.

Kisha dawa ikaanza kwisha. Mkojo wake ulikusanywa na kupelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikachujwa humo na kurudishwa mwilini mwake. Baada ya siku 5 hapakuwa na iliyobaki. Maambukizi yalirudi, naye akafa tarehe 15 Machi. Wanasayansi wale walikuwa wameshuhudia mambo mawili kwa mkupuo: dawa inaponya, na mwili unaimwaga.

Kwa nini mkojo? Figo mbili za mtu mzima hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika. Sehemu ya majimaji yake huchujwa, na uchafu huondoka kwa njia hiyo. Penisilini ina njia ya pili iliyo ya haraka zaidi. Katika kuta za mirija ya figo kuna pampu za protini zinazokamata asidi zisizotakiwa kutoka damuni na kuzitupa moja kwa moja katika mkojo. Pampu hizo huitambua penisilini kuwa mojawapo. Takriban sehemu 9 kati ya 10 za penisilini G inayotoka kwa mkojo hupita huko, ikiwa haijabadilika, ikiwa bado na uwezo wa kuua. Ndiyo maana iliweza kuokotwa katika mkojo wa Alexander na kutumika tena.

Kipimo cha kasi hiyo ni muda unaochukua kiasi kilicho damuni kupungua kwa nusu. Kwa penisilini G ni takriban dakika 30. Kwa amoksilini ni takriban saa 1. Dawa chache za hospitali huondoka upesi hivyo.

Madaktari walijaribu kuzuia mlango huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapatikana probenesidi, kidonge kinachoshindania pampu zile zile za figo; zikishughulika nacho, penisilini hukawia damuni. Uzalishaji ulipokuwa mkubwa na bei kushuka, haja yake ilipungua, ingawa probenesidi yenyewe iliendelea kutumika kwa wagonjwa wa jongo.

Figo za watu hazilingani, na hapo ndipo hesabu ya dozi inapobadilika. Figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, na katika wiki yake ya kwanza penisilini G huchukua takriban saa 3 kupungua kwa nusu. Kwa mtu ambaye figo zake zimesimama, muda huo unaweza kufikia saa 10. Mzee mwenye figo dhaifu akipewa dozi kubwa za kijana wa miaka 20 bila kupimwa, dawa hujilimbikiza hadi kuweza kumletea degedege. Ugonjwa wa figo ni habari ambayo mgonjwa anapaswa kuitaja kabla hajaulizwa.

HOJA YA NNE: Saa ni sehemu ya dozi

Bakteria anauawa anapojenga. Dawa inakaa kwa muda mfupi. Mambo hayo mawili yakikutana, swali la dozi hubadilika. Muhimu kwa penisilini ni muda ambao dawa iko juu ya kiwango cha chini kinachomzuia bakteria, wala si urefu wa kilele chake. Mmarekani Harry Eagle alilichunguza hilo kwa wanyama miongo zaidi ya saba iliyopita, na wataalamu wa baadaye wakakadiria kwamba kwa penisilini dawa inatakiwa kuwa juu ya kiwango hicho kwa karibu nusu ya muda ulio kati ya dozi na dozi.

Wenye kalamu waandike hesabu hii. Amoksilini hupungua kwa nusu kila saa. Saa 1 baada ya kilele imebaki nusu, saa 2 robo, saa 3 sehemu moja ya 8. Baada ya saa 8 imebaki sehemu moja tu ya 256. Sasa tuseme mgonjwa amesahau dozi ya mchana, na jioni anameza vidonge viwili kwa pamoja ili kufidia. Amepata nini? Kuzidisha dozi mara mbili kunaongeza saa 1 tu ya kazi, kwa sababu baada ya saa hiyo kiasi kitakuwa kimerudi pale ambapo dozi moja ingeanzia. Saa nyingi zilizopita bila dawa hazikufidiwa.

Katika nyumba nyingi, kutwa mara tatu hufuata milo: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Kati ya dozi ya jioni na ya asubuhi huwa zimepita saa 12. Mpangilio wa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku unagawa siku sawasawa, saa 8 kwa saa 8, na kwa amoksilini hakuna sababu ya kusubiri chakula.

Msikilizaji makini atauliza: mbona mtoto mwenye nimonia hupewa amoksilini mara mbili kwa siku? Swali ni zuri. Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu huo kwa dozi kubwa, angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kila mara, na nimokoka wengi hufa kwa kiwango kidogo sana cha dawa hiyo. Kwa hiyo muda wa kutosha hupatikana, na mama ana dozi mbili za kukumbuka badala ya tatu. Hata idadi ya siku hupimwa kwa ushahidi. Utafiti wa Lilongwe, Malawi, uliochapishwa mwaka 2020, uliona kwamba kwa watoto wasio na VVU wenye nimonia ya kifua kubonyea, siku 3 za amoksilini hazikuwa duni kuliko siku 5. Namba iliyo kwenye bahasha ya dawa imehesabiwa na mtu. Mgonjwa asiibuni yake.

Kaswende inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Baadhi ya bakteria wa tumboni hugawanyika kila dakika 20 hali ikiwa nzuri. Yule wa kaswende huhitaji zaidi ya saa 30 kugawanyika mara moja. Mjenzi wa polepole kiasi hicho hawezi kuuawa na dawa inayokaa nusu saa. Ni lazima imsubiri. John Mahoney alipowatibu wagonjwa wa kwanza 4 wa kaswende kwa penisilini huko Staten Island, New York, mwaka 1943, aliwachoma kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 8.

Nani angeweza kufanya hivyo katika zahanati ya kijijini? Wataalamu wakatafuta namna ya kuifanya dawa itoke polepole kwenye msuli. Mwaka 1944 Monroe Romansky, daktari wa jeshi la Marekani, aliichanganya na mafuta ya karanga na nta ya nyuki. Ikafuata prokaini penisilini, inayojulikana vyema na wauguzi wetu katika mchanganyiko wa sindano uitwao PPF. Mapema miaka ya 1950 ikapatikana benzathini penisilini, chumvi isiyoyeyuka kirahisi. Ikichomwa ndani ya msuli hubaki hapo, na kiasi kidogo kidogo huingia damuni kwa wiki 2 hadi 4. Figo zinaendelea kuitoa kwa kasi ile ile. Tofauti ni kwamba msuli unaendelea kuileta. Sharti lake ni moja na halina msamaha: haichomwi kamwe kwenye mshipa wa damu, kwa maana inaweza kuua papo hapo. Sindano ya yuniti milioni 2.4 hutosha kwa kaswende changa.

Dawa hizo za kukawia ndizo zilizoibeba kampeni ya buba. Kati ya 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46 na kutibu takriban watu milioni 50, wengi wao kwa sindano moja. Watoto waliokuwa na vidonda miguuni na mifupa iliyopinda walipona bila kulazwa, bila saa ya ukutani, bila mtu wa kuwaamsha usiku.

Leo benzathini ina kazi nyingine hapa Afrika Mashariki. Streptokoka wa koo, yule wa mafindofindo, anaweza kuanzisha homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikirudiarudia huharibu vali za moyo. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto na vijana 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 ambao ultrasaundi ilionyesha dalili za awali za ugonjwa huo. Nusu walichomwa benzathini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa Novemba 2021: waliokuwa wakichomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3, ambao hawakuchomwa, ulisonga mbele kwa 33. Dawa ni ile ile ya zamani. Kilichowalinda watoto wale ni kuipata bila pengo, mwezi baada ya mwezi.

HOJA YA TANO: Usugu huanzia kwenye pengo

Desemba 1940, kabla hata Albert Alexander hajachomwa sindano yake, Edward Abraham na Ernst Chain walichapisha habari ya kimeng'enya cha bakteria kinachoifungua pete ya penisilini na kuiua nguvu. Walikiita penisilinase. Usugu, kwa hiyo, ulijulikana kabla ya mgonjwa.

Bakteria wana njia tatu kuu. Ya kwanza ni hiyo ya kuiharibu dawa. Mary Barber wa Hospitali ya Hammersmith, London, alifuatilia stafilokoka wa wagonjwa wake: mwaka 1946 sugu walikuwa asilimia 14, mwaka 1947 asilimia 38, mwaka 1948 asilimia 59. Jibu la wanakemia lilikuwa metisilini, ambayo penisilinase haiwezi kuifungua. Bakteria wakaja na njia ya pili, kubadilisha kimeng'enya cha kufunga mafundo ili dawa isikae. Stafilokoka wa namna hiyo waliripotiwa Uingereza mwaka 1961, wakati metisilini ilikuwa changa. Njia ya tatu ni kufunga mlango. Bakteria wengi wa tumboni wana utando wa ziada nje ya ukuta, wenye matundu membamba ambamo dawa hupenya. Wakipunguza matundu hayo, dawa hubaki nje.

Asidi ya klavulaniki, inayounganishwa na amoksilini katika kidonge kimoja, ni jibu kwa njia ya kwanza tu. Yenyewe huua bakteria kidogo sana. Kazi yake ni kujitoa kwa penisilinase ili amoksilini ipite salama. Dhidi ya njia ya pili haina msaada, na kuinunua kwa sababu tu ni ghali zaidi si tiba.

Pengo linaingiaje hapa? Dawa inapokuwa juu ya kiwango cha kuua, dhaifu na wenye nguvu kidogo hufa pamoja. Ikishuka chini ya kiwango hicho kwa saa nyingi, wanaokufa ni dhaifu pekee, na wenye nguvu hubaki kuzaana wakiwa na nafasi yote. Fleming alilionya hilo katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945: akaeleza kwamba siku ingefika mtu yeyote aweze kuinunua penisilini dukani, ajipe kidogo, na awafundishe bakteria wake kuistahimili. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Tanzania na Kenya zote mbili zilitoa mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu mwaka 2017.

Habari njema nayo isemwe kwa sauti ile ile. Bakteria wa kaswende na streptokoka wa mafindofindo bado wanauawa na penisilini, zaidi ya miaka 80 tangu ianze kutumika. Dawa hii haijazeeka kwa magonjwa hayo.

Mzio pia unadai neno moja. Pete inayojigandisha kwenye kimeng'enya cha bakteria inaweza kujigandisha kwenye protini za mwili, na kwa watu wachache kinga ya mwili huichukulia kuwa adui. Mshtuko wa mzio unaweza kuua, na ndiyo sababu muuguzi huuliza kabla ya kuchoma. Lakini wengi walioandikiwa kuwa wana mzio wa penisilini hawana. Wakipimwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 wanaivumilia. Alama hiyo isiyo sahihi kwenye faili huwapeleka kwenye dawa ghali na pana zaidi kwa maisha yao yote.

Yaliyo mbele

Kazi inayobaki iko karibu na mikono ya walio ukumbini humu. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yamefika vijijini ambako famasia haipo. Mtoa dawa wa huko anaweza kuandika kwenye bahasha saa tatu kamili badala ya alama ya moja kwa tatu peke yake, na kumwuliza mteja kama ana ugonjwa wa figo. Hospitali za wilaya zinaweza kuweka daftari la watoto wenye ugonjwa wa vali za moyo, lenye tarehe ya sindano inayofuata na namba ya simu ya mzazi, ili mtoto aliyekosa mwezi mmoja atafutwe kabla ya mwezi wa pili. Wizara zinaweza kuagiza benzathini mapema, kwa kuwa watengenezaji wake ni wachache na uhaba wake umeshazikumba nchi nyingi.

Watafiti nao wanatafuta benzathini itakayokaa miezi badala ya wiki, na kipimo cha mzio kitakachofanyika katika kituo cha afya bila kumpeleka mgonjwa mjini. Wanafunzi wa famasia waliokaa safu za nyuma wana umri wa kuziona dawa hizo zikifika, na pengine wa kuzitengeneza. Wakati huo ukifika, swali la kwanza la kuiuliza dawa mpya litakuwa: inakaa mwilini muda gani, na bakteria huyu hujenga kwa kasi gani?